Asali ya Tabora na Gego la Chini

Tabibu alipomaliza kuling'oa jino langu hakulitupa. Alilisuuza bombani, akalitia kwenye kibakuli cha chuma, akaniita nisogee dirishani penye mwanga. Nilikuwa darasa la sita, mdomo umekufa ganzi upande mmoja, pamba imejaa shavuni, na sikutaka kingine ila kurudi nyumbani. Yeye hakuwa na haraka. "Njoo uone, mwanangu," alisema. "Watu wanang'oa meno mpaka yanaisha, na hawajui walikuwa na nini kinywani."

Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Juu yake, katikati ya vibonde vya kutafunia, palikuwa na doa jeusi lisilozidi kichwa cha pini. Nilishangaa kwamba kitu kidogo vile kilinikesheza siku kadhaa. Tabibu akachukua chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akaigusisha kwenye doa, ikadumbukia yote. Akakandamiza pembeni kidogo, na ukuta mzima wa jino ukabanduka ukaangukia bakulini. Ndani hamkuwa na jino. Mlikuwa na pango la kahawia, laini kiasi cha kukwanguliwa kwa ukucha, lenye harufu ambayo sitaielezea kwa msomaji aliyetoka kula.

Pale dirishani nilipata somo langu la kwanza la jino, na sijapata lililolishinda. Tabaka la juu, jeupe, linalong'aa, ni enameli. Kwenye vilele vya magego unene wake hufika milimita mbili na nusu hivi, na karibu asilimia 96 yake ni madini. Mwilini hakuna kitu kigumu kuliko hicho, hata mfupa. Lakini enameli haina uhai: chembe hai zilizoitengeneza hufa kabla jino halijachomoza, kwa hiyo ikimeguka haioti tena. Chini yake ipo dentini, ya njano kidogo na laini zaidi, iliyojaa vijitundu vyembamba vinavyoelekea ndani. Ndani kabisa kuna kiini, penye mishipa ya damu na neva. Mzizi umevikwa sementi, nao umeshikwa kwenye mfupa wa taya kwa nyuzi ambazo tabibu alikuwa ametoka kuzikata kwa koleo huku mguu wake mmoja ukiwa umekanyaga kiti changu.

"Sasa angalia ujanja wake," alisema. Uozo ulipita kwenye enameli kwa kitundu kimoja, polepole, pengine mwaka au zaidi. Ulipofika kwenye dentini ulikuta njia laini ukatanuka pande zote, na juu kila kitu kikabaki kizima. Ndiyo maana doa lilikuwa la pini na pango la punje ya hindi. Na ndiyo maana sikusikia maumivu hadi uozo ulipokaribia kiini, siku ambayo, kwa hospitali isiyokuwa na dawa ya kuzibia, hapakuwa na la kufanya ila koleo.

Nilikulia Tabora, mji uliokua kwa meno. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa, wakati ule pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamejenga matembe, wanapokea pembe za ndovu kutoka magharibi na kaskazini na kuzipeleka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba mabegani hadi Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili hivi kwa mtu, yaani kilo thelathini na kitu. Huko zikapanda majahazi kwenda Unguja, na kutoka Unguja zikaenda Bombay, London, na vimji viwili vya jimbo la Connecticut nchini Marekani, Deep River na Ivoryton, ambako zilipasuliwa vipande vyembamba vya kufunikia vinanda. Hata Wajerumani walipozingirwa katika Vita ya Kwanza wakaamua kujipigia sarafu ya dhahabu hapa hapa Tabora mwaka 1916, upande mmoja walichora ndovu.

Pembe ya ndovu ni jino lake la mbele la taya ya juu, lililoota likapita mdomo. Karibu lote ni dentini, ile ile niliyoonyeshwa ndani ya gego langu. Enameli huwa nchani tu, na husagika mnyama akiwa bado mdogo. Nimewahi kushika pembe kuukuu na kutazama upande uliokuwa fuvuni: una shimo refu linaloingia ndani, nalo ndilo lililokuwa makazi ya kiini. Kabla ya kupatikana meno bandia ya kauri, mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya watu kwa pembe za ndovu na za kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa ya kiboko. Tatizo la meno hayo lilikuwa harufu. Dentini iliyokufa, isiyo na enameli juu yake, ikikaa kinywani mwa mtu hubadilika rangi na kuoza kama jino lolote. Yaani jino la ndovu lililotembea na kuvuka bahari mbili lilikwenda kushindwa na kile kile kilichonishinda mimi darasa la sita.

Kwenye njia hiyo hiyo alipita mtu ambaye meno yake yameandikwa kuliko ya mwingine yeyote aliyekanyaga huku kwetu Unyanyembe. Livingstone na Stanley walifika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, Februari 1872, na Livingstone akabaki kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho hadi mwezi Agosti, akisubiri wapagazi. Stanley aliandika jinsi meno ya mzee yalivyoharibiwa na chakula kigumu cha safarini. Livingstone mwenyewe alimweleza bintiye Agnes kwa barua kwamba yalivunjika kwa kutafuna mahindi makavu, na akalifanyia mzaha domo lake. Tukipelekwa Kwihara na shule, mwalimu alitueleza juu ya dini, juu ya utumwa, juu ya chanzo cha Nile. Habari ya meno niliikuta ukubwani, na ndiyo iliyonifanya nimwone kuwa binadamu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema, wa wale ambao wazee wao waliletwa au walikuja na misafara kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wakabaki Tabora na Ujiji. Alituhadithia kwamba mama yake alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa ncha. Wanyamwezi nao walikuwa na yao: walipunguza kona za ndani za meno mawili ya juu hadi ibaki nafasi ya pembetatu katikati. Ulikuwa urembo na kitambulisho. Bibi alisema mama yake hakuweza kunywa maji ya mtungi ya asubuhi bila kukunja uso. Siku ile dirishani nilielewa kwa nini. Patasi iliondoa enameli ikaacha dentini wazi, na baridi ikapita kwenye vile vijitundu hadi kwenye neva.

Lakini meno ya Bibi mwenyewe yalikuwa kamili. Alifariki mzee sana na magego yake karibu yote, na mimi niliyelelewa nyumbani mwake nilipoteza langu kabla ya kubalehe. Swali hilo nimeishi nalo muda mrefu. Ukimwuliza mtu wa Tabora atakujibu haraka: sukari. Jibu hilo kwangu haliingii, kwa sababu wakati gego langu linaoza Tabora haikuwa na sukari.

Waliokuwepo wanakumbuka miaka ile baada ya Vita vya Kagera. Dukani palikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni kwa foleni, dawa ya meno kwa kujuana, sukari kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, nusu kilo ya familia nzima kama mwezi ulikuwa mzuri. Norway na Japani, sukari ilipoadimika wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, meno mabovu ya watoto yalipungua waziwazi, na madaktari wakajifunza mengi kutokana na njaa ile. Kwetu haikuwa hivyo, maana tulikuwa na asali.

Sidhani mtu asiyetoka Tabora anaelewa asali ni nini kwetu. Misitu ya miombo imetuzunguka kuanzia Sikonge hadi Kaliua na kwenda mbele, na warina asali huondoka vijijini wakakaa porini majuma kadhaa, wakirudi na madebe. Mizinga ya magome hutundikwa juu ya mininga na mitundu. Nyuki wana chuo chao mjini. Treni ya kati ikisimama Goweko, Malongwe au Tabora yenyewe, chupa za asali hupandishwa madirishani kwa mikono ya akina mama na watoto, na abiria wa Dar es Salaam huinusa na kuitingisha kana kwamba anajua anachokipima. Sukari ilipopotea, nyumba yetu haikutetereka. Chai ilitiwa asali. Uji ulitiwa asali. Kikohozi, kijiko cha asali. Mtoto mchanga akilia, kidole kilichochovywa asali (jambo ambalo leo madaktari wanalikataza kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka, na sababu yake si meno, bali sumu ya bakteria anayeweza kujificha ndani ya asali). Usiku, kabla ya kulala, kila mjukuu alipanga foleni mbele ya Bibi na kulamba kijiko chake. Tukalala na utamu mdomoni.

Asali ni dawa, hilo silipingi. Inazuia vidonda kuoza na bakteria wengi hawaistahimili ikiwa nzito. Ila kinywani haibaki nzito, mate huizimua mara moja, na kinachosalia ni sukari: asilimia 80 hivi ya asali ni sukari, nyingi zikiwa zile nyepesi ambazo bakteria huzila bila kazi. Tena asali yenyewe ni chachu, pH yake huzunguka 4 kasoro kidogo, na utamu ndio unaotuficha uchachu huo.

Wenye kubisha nawapeleka kwa majirani zetu Wahadzabe, wanaokaa kandokando ya Ziwa Eyasi. Hawa wamesifiwa na dunia nzima kwa kula vya porini, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtu akiishi kwa mizizi, matunda na nyama, meno hayamsumbui. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Alyssa Crittenden lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinywa vyao. Kwa wanawake, waliohamia kula vyakula vya kijijini ndio waliokuwa na meno mabovu zaidi, kama ilivyotarajiwa. Kwa wanaume ilikuwa kinyume: waliobaki porini ndio walioozewa zaidi. Watafiti walinyoosha kidole kwenye asali, ambayo wanaume hawa huila kwa wingi papo hapo mtini, na kwenye tumbaku. Bakteria hawaulizi kama sukari imetoka kiwandani Kilombero au kwenye mzinga wa Sikonge.

Sasa rudi kwa Bibi, ambaye alikula asali ile ile. Nimejaribu kukumbuka alivyokula. Asubuhi uji na kijiko kizima cha asali, akamaliza, akanawa, akasukutua. Mchana ugali wa mtama na mlenda au kisamvu. Jioni hivyo hivyo. Kati ya milo hakuweka kitu mdomoni ila maji. Alikuwa na msimamo kwamba mtu mzima anayetafunatafuna barabarani hana adabu. Kijiko cha usiku kilikuwa cha wajukuu, si chake. Na sisi wajukuu mifuko yetu ilikuwa na matobolwa.

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikauke. Ndugu yake ni michembe, inayokatwa ikiwa mibichi. Ni akiba ya kiangazi Unyamwezini na Usukumani, na ni chakula kizuri sana ukikila na karanga. Kwa mtoto ni pipi isiyoisha. Unaweka kipande mdomoni, unakilainisha kwa mate, kinageuka gundi tamu, unakisukuma kwenye gego, unakinyonya njia nzima ya kwenda shule. Kikiisha unatoa kingine. Ukitazama gego la mtoto utaona mifereji juu yake, myembamba kuliko unywele wa mswaki. Matobolwa yakijipenyeza humo, hayatoki kwa kusukutua wala kwa ulimi. Doa langu la pini lilikuwa ndani ya mfereji huo hasa.

Hapo ndipo ninaposimama. Kinywa hakipimi kilo, kinahesabu mara. Kila ukiweka kitu kitamu, bakteria wanaokaa kwenye utando wa jino hukila na kutoa asidi. Katika dakika chache tu pH hushuka chini ya 5.5, na kutoka hapo madini ya enameli huanza kuyeyuka. Robert Stephan alilipima hilo Marekani miaka ya 1940. Ukiacha kula, mate hufanya kazi yake: huondoa sukari, huzimua asidi, na kurudisha kalisi na fosfeti pale zilipotoka. Kazi hiyo huchukua nusu saa, pengine saa nzima. Mtu anayekula vitamu pamoja na mlo, mara mbili au tatu kwa siku, humpa jino muda wa kujijenga upya. Anayenyonya tobolwa moja kila baada ya dakika ishirini hampi. Na anayelamba asali akalala ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote, kwa kuwa mate hupungua mno usingizini.

Hili si wazo langu. Lilithibitishwa kwa njia ya aibu nchini Sweden baada ya Vita ya Pili, katika hospitali ya Vipeholm, ambako wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna tofauti kwa miaka kadhaa ili meno yao yatazamwe yanavyooza. Waliopewa sukari nyingi pamoja na chakula hawakuharibika sana. Waliopewa pipi za kunata kati ya milo waliharibika vibaya mno. Matokeo yalitoka 1954 na yanafundishwa hadi leo. Watu waliolipa kwa meno yao hawakuombwa ridhaa. Mimi nikisikia mtu akisema tu "punguza sukari", huwa namwona kasema nusu. Punguza safari za mkono kwenda mdomoni. Soda moja inayonywewa na pilau mara moja ikaisha ina nafuu kuliko soda ile ile inayobebwa kwenye bodaboda na kunywewa funda funda hadi saa kumi.

Wazee wetu walikuwa na maelezo yao: mdudu. Jino limeingia mdudu. Sokoni nilimwona mganga akimfukizia mgonjwa mvuke wa mbegu kwenye bakuli la maji, kisha akamwonyesha vijidudu vyeupe vikielea. Mgonjwa alilipa akaondoka ameridhika, na kesho yake alikuwa benchi la hospitali akishika shavu. Imani ya mdudu wa jino ni ya kale mno, ilikuwepo Babeli, na sioni sababu ya kuicheka sana, maana kiumbe kweli yupo, ni vile tu hafukizwi. Kinachonisikitisha ni imani nyingine iliyovuma Tanzania miaka ya 1980, ya "meno ya plastiki" au ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, mtu alimfunua ufizi, akaona uvimbe mweupe mahali chonge litakapoota, na mzazi akaambiwa ndilo linalomuua mtoto. Likachokolewa kwa chuma. Homa ilikuwa malaria au tumbo. Kilichochokolewa kilikuwa chonge la utoto ambalo halijakomaa, na mara nyingi lile la ukubwani lililolala chini yake liliumia pia. Wapo watu wazima leo, wengine wasomi wakubwa, wenye mapengo hayo na hawajui yalitoka wapi.

Tulipiga mswaki, lakini kwa tulichokuwa nacho: kijiti kilichotafunwa nchani hadi kikawa brashi, unga wa mkaa, na chumvi. Bibi alishikilia kwamba chumvi ni ya Uvinza, hata ikinunuliwa dukani. Kijiti kizuri hakina kasoro, kinasugua vizuri kama mswaki wa plastiki kwa anayejua kukitumia taratibu karibu na ufizi. Mkaa nisingeurudia. Unang'arisha kwa kukwangua, na shingo ya jino, pale enameli inapokuwa nyembamba kabisa, haina cha kukwanguliwa. Ila vyote vitatu vinakosa kitu kimoja, floraidi, na hapo kolgeti, kama tulivyoita dawa yoyote ya tyubu, inavishinda bila ubishi. Floraidi ikiwepo kwenye mate wakati madini yanarudi kwenye enameli, hujichanganya nayo, na enameli hiyo mpya huhitaji asidi kali zaidi ili iyeyuke. Dawa yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni inatosha. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu awekewe kiasi cha punje ya mchele. Ukimaliza, tema povu, usisukutue na maji mengi, uiache ikae.

Floraidi niliijua kwanza kwa sura yake mbaya. Sekondari ya bweni tulichanganyika na watoto wa kila mkoa, na waliotoka Arusha na baadhi ya sehemu za Singida walikuwa na meno ya kahawia, mengine yenye mabaka na vishimo. Walitaniwa kwamba hawajui mswaki. Jamaa mmoja wa Meru, kitanda chake kando ya changu, alipiga mswaki kwa nguvu mpaka ufizi ukatoka damu, na rangi haikutoka, kwa sababu haikuwa juu ya jino. Maji ya Bonde la Ufa na miteremko ya volkano yana floraidi nyingi kupita kiasi; mtoto akiyanywa wakati enameli yake inajengwa ndani ya taya, jino linatoka tayari limepakwa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kuna kituo cha serikali cha kutafuta jinsi ya kuiondoa, na njia iliyotumika sana ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Madini yale yale, kidogo kwenye mswaki yanalinda, mengi kwenye mtungi yanaharibu.

Kuna jambo huwa linanichoma kidogo. Miaka michache tu baada ya gego langu kuingia kwenye kibakuli, katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kujaribu njia ya kutibu meno yaliyotoboka bila umeme na bila mashine. Mgonjwa hulazwa hata juu ya meza ya darasani. Kwa visu vidogo vya mkono hukwanguliwa ile dentini laini iliyooza, na mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, maana kilichooza hakina uhai wa kuuma. Shimo hujazwa saruji maalumu iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushikana na jino lenyewe na kuachia floraidi polepole. Mabaki yake husukumwa kwa kidole kwenye mifereji ya jirani ili nayo izibwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi zote. Mwaka 2021 saruji hiyo na dawa ya meno yenye floraidi ziliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Vifaa vyake vinaingia kwenye mkoba. Vingeweza kusafiri njia ya misafara kwa mguu, kijiji hadi kijiji, mpaka Ujiji.

Ila bado benchi la meno limejaa watu wanaosubiri koleo. Sehemu kubwa ya lawama naiweka kwenye mazoea ya kwenda hospitali jino likishauma, wakati ambapo saruji haina tena pa kushika. Sehemu nyingine ni ya gego lenyewe. Gego la kwanza la ukubwani huchomoza mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya magego ya utoto, bila kung'oa jino lolote na bila kelele. Wazazi hudhani ni miongoni mwa yale 20 yatakayobadilishwa. Halibadilishwi. Ndilo atakalotafunia hadi uzee, na ndilo linalooza mapema kuliko yote.

Mdogo wangu alikuwa anasema hivyo hivyo kuhusu bintiye. "Kaka, hayo si meno ya utoto? Yatang'oka." Nilimlaza mtoto mapajani pangu nikamulika kwa tochi ya simu: magego mawili ya chini yamechomoza nusu, meupe, yenye mifereji mirefu, na kwenye mfereji mmoja kipande cha kashata. Siku za likizo zile tukampeleka yakazibwa, na gharama yake ilikuwa chini ya kilo ya nyama.

Iliyobaki ilikuwa kumshawishi shangazi, aliyerithi madebe ya asali na mamlaka ya nyumba baada ya Bibi. Nilimkalisha nikamweleza habari ya mate, ya asidi, ya kijiko cha usiku. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachuja asali kwa kitambaa.

"Kwa hiyo mtoto asile asali?"

"Ale, shangazi. Ila mara moja, mchana, na chakula. Usiku hapana, wala kulambalamba."

"Mara moja."

"Ndiyo, mara moja."

"Na kiasi hukusema."

"Kiasi si tatizo kubwa sana."

"Hilo halina ugomvi, mwanangu," akasema, akaweka kijiko kando na kuchukua upawa.